Mpito, Mgeuko au Mvuko? Kufafanua Minyororo ya Spini za Kwanta kwa Kiswahili kutoka Mutanga, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa Kiswahili mada moja ya fizikia ya leo, yaani mienendo na migeuko ya hali katika minyororo ya spini za kwanta inapokuwa na joto, kisha yanatumia maelezo hayo kupima istilahi za mada hiyo. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya sayansi hupimwa kwa hitimisho ambalo msomaji hulifikia anapoisikia kwa mara ya kwanza. Maneno matatu yanachunguzwa: mzunguko, halijoto yenye kikomo na mpito. Yote ni Kiswahili fasaha, lakini kila moja humwelekeza msomaji kwenye fizikia isiyo sahihi. Makala yanapendekeza spini, halijoto juu ya sifuri, na jozi ya mgeuko na mvuko, kisha yanatoa mapendekezo kwa vyombo vya kukuza lugha.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fizikia anayeishi Mutanga Sud na kusoma katika Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi hupitia lugha kadhaa kabla ya jua kutua. Nyumbani huzungumza Kirundi. Sokoni, na hasa akishuka Buyenzi, hukutana na Kiswahili. Mhadhara huusikia kwa Kifaransa, na makala ya utafiti anayotakiwa kuyasoma kwa kawaida yameandikwa kwa Kiingereza. Kati ya lugha hizo nne, Kiswahili ndicho kinachomuunganisha na wenzake wa Uvira, Kigoma na Nairobi. Hata hivyo, ni nadra kimfikishie somo lake.

Jambo hili lina uzito wa kisera. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Februari 2021, Wakuu wa Nchi wa Jumuiya hiyo waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, imepewa jukumu la kuratibu maendeleo ya lugha hii katika nchi wanachama. Nchini Burundi Kiswahili hufundishwa shuleni kama somo. Hata hivyo, kutangaza lugha kuwa rasmi ni hatua ya kwanza tu. Kazi kubwa ni kuifanya ieleze mambo ambayo bado haijazoea kuyaeleza.

Kazi za awali za istilahi, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, zilijenga msingi wa sayansi ya shule. Makala haya yanachukua mada iliyo mbele ya kiwango hicho. Mada ya minyororo ya spini imeteuliwa kwa sababu inategemea maneno machache sana, na neno moja likikosewa, jibu la swali lake kuu hugeuka kutoka hapana kuwa ndiyo. Swali lenyewe ni hili: je, safu moja ya sumaku ndogo ndogo inaweza kubadilisha hali yake ghafla, kama maji yanavyoganda kuwa barafu?

2.0 Safu moja na joto lake

Mwaka 1920, Wilhelm Lenz wa Ujerumani alipendekeza mfano rahisi wa kueleza jinsi kipande cha chuma kinavyokuwa sumaku. Alimkabidhi kazi hiyo mwanafunzi wake Ernst Ising, ambaye alichapisha jibu mwaka 1925. Katika mfano huo, kila atomu ina spini, yaani sifa ya asili inayoifanya iwe kama sumaku ndogo. Spini inaweza kuelekea juu au chini tu. Spini mbili zilizo jirani hutumia nishati ndogo zaidi zikielekea upande mmoja. Joto, kwa upande wake, huzitikisa na kuzivuruga.

Fikiria mtaa mmoja ulionyooka wa Mutanga Sud ambamo kila nyumba hupokea habari kutoka kwa jirani wa kushoto au wa kulia pekee. Habari ikianza upande mmoja ikiwa sahihi, kisha nyumba moja ikaisikia vibaya, nyumba zote zinazofuata zitapokea habari iliyopotoka. Kosa moja hutosha kuugawa mtaa mzima sehemu mbili. Sasa fikiria mitaa mingi inayokatizana. Nyumba iliyosikia vibaya huzungukwa na majirani wanne, na habari sahihi huifikia kwa njia nyingine. Ili kosa lidumu, ni lazima lishinde kwenye mzingo mzima.

Hesabu inathibitisha picha hiyo. Mahali ambapo spini za juu zinakutana na spini za chini huitwa mpaka. Katika safu moja, gharama ya mpaka ni 2J, ambapo J ni nguvu inayounganisha majirani. Gharama hiyo haiongezeki hata safu ikirefuka. Lakini mpaka unaweza kukaa popote, na wingi wa nafasi hizo huipa safu entropia, ambayo hukua kwa logi ya idadi ya nafasi. Logi asilia ya 1,000 ni 6.9, ya 1,000,000 ni 13.8. Hivyo, katika safu ya spini 1,000 mpaka hupata faida pindi nishati ya joto, kT, inapozidi takriban 0.29J. Katika safu ya spini 1,000,000, kiwango hicho hushuka hadi karibu 0.14J. Safu ikirefuka bila mwisho, kiwango hushuka hadi sifuri. Joto lolote, hata liwe dogo namna gani, huuvunja mpangilio.

Jibu la Ising kwa safu moja lilikuwa sahihi: hakuna mgeuko wa ghafla katika halijoto yoyote iliyo juu ya sifuri. Alikosea alipodhani kwamba hali ni hiyo hiyo katika umbo la pande tatu. Mwaka 1936 Rudolf Peierls alionyesha kwamba kwenye bapa la pande mbili mpaka ni mzingo, na gharama ya mzingo huongezeka kadiri unavyorefuka; kwa hiyo mpangilio unaweza kudumu. Mwaka 1944 Lars Onsager alikokotoa kwa ukamilifu halijoto ambamo bapa hilo hugeuka: pale kT inapofikia takriban 2.27J.

Ikumbukwe kwamba katazo la safu moja linahusu nguvu zinazofika karibu tu. Mwaka 1969 Freeman Dyson alithibitisha kwamba nguvu kati ya spini ikipungua polepole vya kutosha kadiri umbali unavyoongezeka, hata safu moja huweza kugeuka katika halijoto juu ya sifuri.

Kukosekana kwa mgeuko hakumaanishi kwamba hakuna kinachotokea. Joto likipungua, vipande vya safu vilivyokubaliana hurefuka upesi mno. Pale kT inapokuwa nusu ya J, kukubaliana huenea kwa wastani wa spini 27 hivi. Pale kT inapokuwa moja ya tano ya J, huenea kwa spini 11,000. Anayepima kipande kifupi cha safu hiyo anaweza kuapa kwamba imeganda. Haijaganda, imekaribia tu, na itaendelea kukaribia bila kufika. Tofauti hiyo kati ya kufika na kukaribia ndiyo inayohitaji maneno mawili katika Kiswahili.

3.0 Mgeuko bila joto

Fizikia ya kwanta inaongeza jambo ambalo Ising hakuwa nalo. Tuseme safu hiyo imewekwa ndani ya uga sumaku unaokingama, yaani unaovuta spini upande badala ya juu au chini. Katika kwanta, spini haiwezi kuwa na mwelekeo wa wima ulio dhahiri na wakati huo huo mwelekeo wa upande ulio dhahiri. Uga unapoivuta upande, mwelekeo wake wa wima hupoteza uhakika. Kwa hiyo uga huo huvuruga mpangilio kama joto linavyouvuruga, ingawa hakuna joto lolote.

Mwaka 1970 Pierre Pfeuty alitoa suluhisho kamili la mfano huu. Nguvu ya uga, h, ikiwa ndogo kuliko J, safu hubaki na mpangilio wake. Ikiwa kubwa kuliko J, mpangilio hutoweka. Mabadiliko hutokea kwenye nukta moja, pale h inapolingana na J. Kila upande wa nukta hiyo kuna pengo la nishati, yaani kiasi cha chini kinachohitajika ili kuibua msukosuko wowote katika safu. Pengo hilo ni sawa na mara mbili ya tofauti kati ya J na h. Kwenye nukta yenyewe, pengo hufunga kabisa.

Huo ni mgeuko wa kweli, lakini upo kwenye sifuri kamili tu, yaani nyuzi 273.15 za Selsiasi chini ya sifuri. Hakuna maabara inayoweza kufika hapo. Swali la kisayansi, kwa hiyo, ni hili: nukta isiyofikika inaonekanaje kutoka mahali palipo na joto?

4.0 Kivuli cha nukta: mienendo katika joto

Halijoto ikipanda juu ya sifuri, nukta ya mgeuko hutoweka lakini kivuli chake hubaki. Ukichora uga kwenye mstari wa mlalo na halijoto kwenye mstari wa wima, utapata maeneo matatu.

Eneo la kwanza lipo upande wa uga mdogo, ambapo joto ni dogo kuliko pengo. Hapo mipaka ni michache na iko mbalimbali. Kila mpaka husafiri, hukutana na mwingine na kurudi, karibu kama chembe za gesi nyepesi. Mwaka 1997 Subir Sachdev na A. P. Young walionyesha kwamba mwendo wa mipaka hiyo unaweza kuelezwa kwa sheria zinazokaribiana na za fizikia ya kawaida. Mpangilio hupotea polepole sana kwa sababu mpaka mmoja huchukua muda mrefu kumfikia jirani yake. Eneo la pili lipo upande wa uga mkubwa. Hapo wasafiri ni spini moja moja zilizopinduka.

Eneo la tatu ndilo la ajabu. Lina umbo la kabari: ncha yake imegusa nukta ya sifuri na mgongo wake unapanuka kadiri joto linavyopanda. Ndani ya kabari hiyo joto ni kubwa kuliko pengo, na safu hupoteza kumbukumbu yake kwa muda ambao unategemea halijoto na kanuni za asili peke yake. Aina ya maada haihesabiki sana. Kipimo cha muda huo hupatikana kwa kugawanya kanuni ya Planck iliyopunguzwa kwa kT. Katika kelvini 1, hesabu hiyo hutoa pikosekunde 7.6, yaani sekunde 7.6 zilizogawanywa kwa milioni milioni. Joto likiongezeka mara mbili, muda hupungua nusu.

Kati ya maeneo hayo hakuna ukuta. Anayetoka eneo moja kwenda jingine hakutani na nukta ya ghafla. Huvuka taratibu, kama mtu anayetembea kutoka kivulini kwenda juani wakati wa mawingu mepesi.

Mnyororo wa aina nyingine, unaoitwa wa Heisenberg, ambamo spini huweza kuelekea upande wowote, umeonyesha namna nyingine ya mwenendo. Kwa kawaida, harufu au joto husambaa kwa kanuni moja: ili lifike umbali mara mbili, huhitaji muda mara nne. Kitu kinachokwenda moja kwa moja bila kuzuiwa huhitaji muda mara mbili tu. Mwaka 2021, vipimo vya nutroni kwenye fuwele ya KCuF3 vilionyesha kwamba spini za mnyororo wa Heisenberg zinafuata njia ya katikati: umbali mara mbili huhitaji muda takriban mara 2.8. Kiswahili kina kusambaa na kina kwenda moja kwa moja. Kwa hali hii ya katikati, kusambaa kwa kasi linatosha kama maelezo, maadamu uwiano wenyewe umetajwa.

5.0 Kutoka kwenye mfano hadi kwenye jiwe

Mshauri wa sera anaweza kuuliza kama mnyororo huu una uhusiano wowote na Afrika Mashariki. Mwaka 2010 Radu Coldea wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walichapisha vipimo vya fuwele ya niobati ya kobalti, CoNb2O6. Ndani ya fuwele hiyo atomu za kobalti zimejipanga kwa safu, na safu hizo hutenda karibu sawa na mfano wa Pfeuty. Katika halijoto ya kelvini 0.04, uga ulipokaribia tesla 5.5, misukosuko miwili ya chini kabisa ilionyesha nishati zilizokaribia uwiano wa 1.618, yaani uwiano wa dhahabu. Uwiano huo ulikuwa umetabiriwa kwa hesabu na Alexander Zamolodchikov mwaka 1989.

Fuwele hiyo imekuzwa maabara, haikuchimbwa. Hata hivyo, mpangilio wa atomu zake ni ule wa kolumbaiti, madini ambayo pamoja na tantalaiti yameipa koltani jina lake. Koltani huchimbwa Kabarore katika eneo la Kayanza, kaskazini mwa Burundi, na huko Rubaya, Kivu Kaskazini. Kobalti huchimbwa Kolwezi. Wachimbaji wa maeneo hayo wana msamiati kamili wa mashimo, mizani na bei. Msamiati wa kueleza kwa nini atomu za jiwe la aina hiyo zinaweza kujipanga kama mnyororo haujaundwa.

Fuwele hiyo inatoa pia onyo muhimu. Chini ya takriban kelvini 3, na uga ukiwa haupo, niobati ya kobalti hugeuka kweli na kupata mpangilio, jambo ambalo safu moja haliwezi. Sababu ni kwamba safu zake si pweke: kila moja huisikia jirani yake kwa nguvu ndogo. Mtaa umepata vichochoro. Anayesoma neno lisilotofautisha kugeuka na kukaribia hataona kwamba hapa kuna jambo linalohitaji kuelezwa.

6.0 Maneno matatu yanayopotosha

Neno la kwanza ni mzunguko, ambalo lingeweza kuteuliwa kutaja spini. Msomaji wa Kiswahili anajua mzunguko wa umeme, wa damu na wa fedha. Pote humo kuna kitu kinachozunguka. Katika spini hakuna kinachozunguka. Ni sifa ya asili ya chembe, kama chaji yake. Kifaransa chenyewe kiliichukua istilahi hii kutoka lugha nyingine bila kuitafsiri. Spini, likiwa katika ngeli ya I-/ZI-, linakubali upatanisho wa kisarufi bila shida na halileti picha ya uongo.

Neno la pili ni halijoto, ambayo baadhi ya kamusi huiita jotoridi, pamoja na sifa yake. Istilahi ya Kifaransa inayotumika darasani, ikitafsiriwa neno kwa neno, hutoa halijoto yenye kikomo. Mswahili akiisikia atadhani kuna kiwango ambacho joto haliruhusiwi kukizidi. Kinachokusudiwa ni jambo jingine kabisa: halijoto ambayo si sifuri. Halijoto juu ya sifuri ni maneno marefu kidogo, lakini hayamdanganyi msomaji.

Neno la tatu ndilo zito zaidi. Mpito wa awamu ni istilahi ambayo tayari inatumika. Katika Kiswahili cha siasa, awamu ni zamu katika mfululizo wa wakati, kama serikali ya awamu fulani. Mpito ni kipindi cha katikati. Nchini Burundi neno hili lina kumbukumbu maalumu: baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, nchi iliongozwa na serikali ya mpito hadi mwaka 2005. Kwa msikilizaji wa Bujumbura, mpito una mwanzo, una muda na una mwisho. Mabadiliko ya maji kuwa barafu, au ya safu ya Pfeuty pale h inapolingana na J, hayana kipindi cha katikati kwenye mhimili wa halijoto au wa uga: yana nukta. Kinyume chake, kuvuka kutoka eneo la kwanza kwenda kwenye kabari kunafanana sana na mpito wa kawaida, ilhali kisayansi si mgeuko. Istilahi hii, kwa hiyo, huenda ikaeleweka kwa yale isiyoyakusudia na kukwepa yale inayoyakusudia.

Makala haya yanapendekeza jozi. Mgeuko wa hali utumike pale ambapo kuna nukta bayana. Unaungana na hali za maada ambazo mwanafunzi amezijua tangu shule, na kitenzi chake kinapatana na guhinduka kwa Kirundi. Mvuko utumike pale ambapo tabia hubadilika hatua kwa hatua bila nukta. Kwa jozi hiyo, matokeo makuu ya mada yanaweza kuandikwa kwa sentensi moja: katika mnyororo wenye nguvu za karibu, mgeuko upo kwenye sifuri pekee, juu ya sifuri kuna mivuko tu.

Pingamizi mbili zinastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba kubadilisha istilahi iliyokwisha kutumika huleta mkanganyiko. Ni kweli, na kwa vitabu vya shule gharama hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko faida. Katika ngazi ya chuo kikuu, ambako maandishi ya Kiswahili ya mada hii bado ni machache, gharama ni ndogo leo kuliko itakavyokuwa baadaye. Ya pili ni kwamba ingekuwa rahisi kukopa kila kitu. Lakini kukingama, kabari na mvuko ni maneno ambayo msomaji anayamiliki tayari. Kuyaacha ni kumnyima msaada alio nao.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba fizikia ya minyororo ya spini inaelezeka kwa Kiswahili, na kwamba ugumu uliojitokeza haukutokana na uhaba wa maneno. Ulitokana na maneno yaliyopo kubeba picha zisizopatana na jambo linaloelezwa. Orodha ya istilahi peke yake haiwezi kuzigundua picha hizo. Huonekana pale tu neno linapofanyishwa kazi ndani ya maelezo kamili.

Kwa msingi huo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, kila istilahi mpya ya sayansi inayowasilishwa kwa vyombo vya usanifishaji iambatane na ufafanuzi wa angalau ukurasa mmoja unaoitumia. Pili, kabla ya kupitishwa, istilahi isomwe na wanafunzi wasiojua mada, waulizwe wanadhani ina maana gani, na makosa yao yaandikwe. Tatu, kwa kuwa istilahi nyingi za Kiswahili zimeundwa kwa kutazama Kiingereza, walimu wa Burundi na wa mashariki mwa Kongo washirikishwe tangu mwanzo, ili visawe vya Kifaransa vipimwe kwa pamoja. Nne, tasnifu za sayansi katika vyuo vikuu vya kanda, ikiwemo Kampasi ya Mutanga, ziwe na ikisiri ya Kiswahili inayopitiwa na mwalimu wa sayansi na mwalimu wa lugha kwa pamoja.

Pendekezo la nne halihitaji bajeti kubwa wala sheria mpya. Ikisiri moja ya maneno 300 itamlazimu mwanafunzi kuamua kama alichokipima ni mgeuko au mvuko. Akiamua hivyo kwa Kiswahili, mwenzake wa Dodoma au wa Bukavu ataweza kumwambia kama amekosea.